Kiolezo Kwanza, Kitambaa Baadae: Kujitengenezea Pateni za Kwilti ya Pinwili

Haya jamani, habari zenu wote, mliokaa mbele na nyie mliokimbilia kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeambiwa niongee kuhusu kwilti, yale mablanketi ya viraka vilivyoshonwa pamoja, ila kwilti ni bahari, ukisema uizungumzie yote tutakesha hapa, kwahiyo mimi nimechagua kakitu kamoja tu, kadogo, ambako watu wengi wanakaruka wanakimbilia kitambaa. Kiolezo. Pateni, kama wengine mnavyoita, kile kipande cha kadibodi au plastiki unachozungushia penseli kabla ya kukata kitambaa. Na sio cha kununua, cha kujitengenezea wewe mwenyewe kwa mikono yako, kwa ajili ya kwilti ya pinwili.

Pinwili mnaijua, ile ya mapanga manne yanayozunguka kama kale kadude ka karatasi ambako watoto wanakimbia nako kwenye upepo. Ukiifumua bloki moja, yani kile kipande kimoja cha mchoro kinachorudiwa kwilti nzima, unakuta ni miraba minne tu, kila mraba umegawanyika kona kwa kona, nusu rangi iliyokolea na nusu rangi nyepesi. Jumla pembetatu nane. Basi, hakuna duara, hakuna kona za ajabu, ndo maana mtu akianza kujifunza kwilti anapewa hii kwanza. Na hapo ndo mimi nagombana na wanaomfundisha, maana pinwili ni rahisi kuielewa lakini haisamehi hata kidogo. Zile pembetatu zote nane zinaleta ncha zake sehemu moja, pale katikati ya bloki. Ncha nane, nukta moja! Kikizidi kipande milimita mbili tu jicho la mtu linaenda palepale, panga moja limekatwa ncha, jingine limeelea halijafika, na hutaweza kuficha kwa nakshi wala kwa kifungo (ingawa nimeshaona watu wameshona kifungo pale katikati na wanajifanya ndo mtindo).

Sasa nachotaka kusema leo ni hiki: kwilti nyingi za pinwili zinaharibika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Zinaharibika kwenye kiolezo. Watu wanalaumu cherehani, wanalaumu macho, wanalaumu kitambaa chepesi, na wala sio. Hebu tupige hesabu kidogo. Kiolezo chako kimezidi milimita 1 kila upande, yani kitu ambacho huwezi hata kukigundua kwa macho, maana yake kila mraba umezidi milimita 2. Panga miraba 16 kwenye mstari mmoja, umezidi milimita 32, zaidi ya sentimita 3. Kama makosa yangekuwa sawasawa mistari yote, wala usingejua, kwilti ingekuwa kubwa kidogo na maisha yangeendelea. Shida ni kwamba mstari wa pili uliukatia kiolezo kingine, au kilekile lakini kingo zimeshaliwa na penseli kikapungua, na sasa unakaa hapo unavuta, unabana, unapiga pini, na kitambaa kinaleta mawimbi.

Kujitengenezea violezo sio jambo la umasikini wala la kubana matumizi tu, nalisema hili kwa sababu kuna watu wanaona aibu. Watu walishonea hivi miaka na miaka. Uingereza kuna shuka moja la viraka vya hariri la mwaka 1718, na vile vikaratasi alivyokata mshonaji kama violezo bado vimo humo ndani mpaka leo. Karne ya 19 kule Marekani kulikuwa na mafundi bati wanaokatia watu violezo vya bati, kitu hakichakai. Kile kisu cha gurudumu ambacho siku hizi kila mtu anakiona ndo kwilti yenyewe, kilitoka 1979, kampuni ya Olfa ya Japani. Kabla ya hapo, kwilti nyingi zile mnazoziona makumbusho ni kiolezo, penseli na mkasi. Na kiolezo chako kina uhuru mmoja ambao cha dukani hakina, unachagua saizi mwenyewe. Cha dukani kinakulazimisha saizi yake. Wewe una vitambaa vya kubaki vya upana wa sentimita 9, tengeneza kiolezo kinachoingia humo, nani atakukataza.

Tuje kwenye vifaa. Kadibodi nyembamba, ile ya maboksi ya viatu au maboksi ya dawa, inafaa sana kwa kuanzia. Lile boksi nene lenye mawimbi katikati achana nalo, pembeni panabonyea, ukipitisha penseli mara mbili tatu kona imeshakuwa duara. Kadibodi ina kasoro moja tu, inaliwa. Kila ukichora penseli inakwangua ukingo kidogo, kwahiyo kama una bloki nyingi usitegemee kadibodi moja ikuvushe, kata kadhaa mwanzoni kabisa, zote kutoka kwenye mchoro mmoja, na moja iweke pembeni usiitumie kamwe. Hiyo ndo mama. Ukiona mashaka unachukua unachotumia unakiweka juu ya mama, kama havilingani kinaenda kwenye takataka bila huruma. Kitu ambacho hakitakiwi kabisa ni kukata kiolezo kipya kwa kufuata kiolezo kilichochoka, maana unachora nje ya ukingo wake, kinaongezeka unene wa penseli, afu cha tatu unakitoa kwenye cha pili, kinaongezeka tena, mwisho una ukoo mzima wa violezo na hakuna anayefanana na mwenzake.

Plastiki ni bora zaidi. Majalada ya mafaili ya plastiki, vifuniko bapa vya makontena, yale mafaili ya zamani yenye uso unaoona upande wa pili. Na picha za eksirei jamani! Zile filamu za zamani zinazolala kabatini, zioshe, zifute, ni ngumu kiasi, zinakatika na mkasi vizuri, ukingo hauliwi na penseli, na unaona kwa mbali kilichopo chini yake. Mbavu za shangazi zikusaidie kushona. Plastiki inayopitisha macho ina faida ambayo kadibodi haina kabisa, unaiweka juu ya kitambaa chenye maua na unaona ua litakaa wapi kwenye panga lako kabla hujakata.

Ubaya wa plastiki ni kuteleza. Unachora, inasogea, hujaona, umeshakata. Dawa yake ni msasa, ule laini, kata vipande vidogo gundisha kwa nyuma, upande wenye mchanga uangalie kitambaa. Kuna wanaokata kiolezo chote kwa msasa mtupu, inafaa kwa kazi ndogo, ila kumbuka ukikata msasa na mkasi wako mzuri wa kitambaa umeuua. Mkasi wa karatasi na wa kitambaa visikutane, hili sirudii.

Sasa kuchora. Hapa ndo penyewe naomba tuende taratibu.

Chukua rula moja. Moja tu, na hiyohiyo itumike mpaka kwilti iishe. Rula mbili tofauti zinaweza kupishana kidogo, na futi ya kamba, ile ya fundi wa nguo, inavutika kadri inavyozeeka, usiitumie kwenye kiolezo. Kama unatumia karatasi ya grafu, vizuri sana, inakupa pembe mraba bure, lakini iweke rula juu kwanza uhesabu miraba yake sentimita 20 uone kweli ni 20. Na kama umepakua mchoro ukauprinti, printa zina tabia ya kupunguza picha ili itoshee kwenye karatasi, kwahiyo kwenye mipangilio chagua asilimia 100 na ukitoka pima tena kwa rula. Usiamini karatasi, amini rula.

Amua saizi ya bloki iliyokamilika, yani baada ya kushonwa. Mimi napenda bloki ya sentimita 20 kwa sababu hesabu yake nyepesi, nusu yake 10, kwahiyo kila mraba mdogo ni sentimita 10 kwa 10. Chora mraba huo wa 10. Kabla hujaendelea pima kona kwa kona, mara mbili, mshazari huu na ule. Zote zinatakiwa ziwe sawa, sentimita 14.1 na ushee kidogo. Zikipishana, mraba wako umelala upande, una pande nne sawa lakini sio mraba, na huyo ndo adui anayejificha kuliko wote maana ukipima pande tu unaona kila kitu kiko sawa.

Mshazari mmoja uchore mstari. Umepata pembetatu mbili, chukua moja. Hiyo ndo pembetatu ya kushonea, saizi halisi. Kama unashona kwa mkono unaweza kuishia hapo hapo: kata kiolezo cha saizi hiyo, zungushia penseli nyuma ya kitambaa, mstari uliochora ndo mstari wa kushonea, na nafasi ya mshono unaikadiria kwa jicho wakati wa kukata, hata ikipishana kidogo haina neno kwa sababu sindano inafuata mstari, haifuati ukingo. Kwa cherehani ni kinyume. Cherehani inafuata ukingo wa kitambaa, kwahiyo nafasi ya mshono lazima iwemo ndani ya kiolezo na iwe sahihi. Watu wanachanganya haya mawili, wanachukua kiolezo cha mkono wanakipeleka kwenye cherehani, afu wanashangaa bloki ya 20 imetoka kama 16.

Nafasi ya mshono kwenye kwilti kwa kawaida ni robo inchi, ambayo kwa sisi wa sentimita tunaweka milimita 6, wengine wanaenda 7.5. Chagua moja ubaki nayo. Sasa chora mistari mitatu nje ya pembetatu yako, kila mmoja umbali wa milimita 6 kutoka kwenye upande wake, uirefushe mpaka ikutane. Utaona kitu: zile pande mbili fupi zilizokuwa sentimita 10 sasa zimekuwa sentimita 12 na nusu milimita, yani 12.05, na sio 11.2 kama mtu angetegemea. Kwanini? Kwa sababu ile mistari kwenye kona kali inakutana mbali, kona kali inakimbia. Hesabu yake ukiitaka ni nafasi ya mshono zidisha kwa 3.41, hicho ndo unachoongeza kwenye upande mfupi. Milimita 6 inakupa kama 20.5. Milimita 7.5 inakupa karibu 25.6. Wa inchi wanaongeza 7/8 na hesabu yao inatoka humohumo. Ukiijua hii namba hauhitaji mtu akupe jedwali tena, unatengeneza saizi yoyote.

Afu sasa zile ncha kali mbili. Wengi wanaziacha. Mimi nasema zikate, na ndo faida kubwa ya kiolezo cha kutengeneza mwenyewe. Ncha kali ikibaki, unapoweka pembetatu mbili uso kwa uso hujui zianzie wapi, na ukishashona zinatoka vile visikio pembeni vya kukata kimoja kimoja, na kwilti nzima ina mamia ya visikio. Kwahiyo kwenye mchoro wako nenda kwenye kona kali ya pembetatu ya ndani, ile ya kushonea, pima milimita 6 kupita hapo ukifuata upande mfupi, hapo chora mstari uliosimama wima kwa huo upande mfupi, kila kitu nje ya mstari huo kata. Fanya kona zote mbili kali. Upande mfupi uliokuwa 12.05 sasa umebaki 11.2, na hiyo 11.2 ndo saizi ya mraba wako baada ya kushona pembetatu mbili, kabla haujaunganishwa na wenzake. Yani kiolezo chenyewe kinakuambia mraba unatakiwa uwe saizi gani. Pembetatu mbili zikilaliana, vile vincha vilivyokatwa vinaingiana kabisa, unashona, unafungua, mraba umetoka safi bila kisikio hata kimoja.

Toboa vitundu vidogo na msumari mwembamba au sindano nene kwenye kona tatu za mstari wa kushonea. Kitundu kiwe cha kuingia ncha ya penseli tu. Mwenye cherehani atasema havimhusu, sawa, ila siku unapopata kipande kinachogoma kulingana utaweka alama kwenye vitundu, utapiga pini nukta kwa nukta, na utanikumbuka.

Halafu andika juu ya kiolezo. Kwa makapeni, sio penseli. Andika jina la bloki, saizi iliyokamilika, nafasi ya mshono ni kiasi gani, na chora mshale. Mshale ni wa mwelekeo wa uzi. Kitambaa kina nyuzi zinazoenda wima na zinazoenda upana, ukikivuta kufuata nyuzi hizo kinatulia, ukikivuta mshazari kinarefuka kama mpira. Pembetatu yetu haiwezi kukwepa, lazima upande mmoja angalau uwe mshazari, na sisi tunataka uwe ule mrefu, kwa sababu ule mrefu utashonwa kwenye pembetatu mwenzake na utafungwa na mshono. Pande fupi ndo zinakuwa ukingo wa mraba, hizo ziende na uzi. Kwahiyo mshale unachorwa sambamba na upande mfupi. Ukikosea hapa ukaweka upande mrefu kwenye uzi, bloki itakuwa na kingo nne zote zinavutika, utaipiga pasi itageuka umbo mbele yako. Na ukiwa na kitambaa kinachovutika hata ufanyeje, kipulizie wanga na ukipige pasi kabla ya kuchora, kinakuwa kama karatasi.

Kuna jambo jingine la kugeuza kiolezo, na hili linawapata hata waliobobea. Pembetatu yetu hii ya pinwili ya kawaida ukiigeuza chini juu ni ileile, haina kushoto wala kulia, mapanga yazunguke kulia au kushoto inategemea umeipanga vipi mezani. Lakini kuna pinwili za mapanga marefu, zile ambazo pembetatu yake upande mmoja ni mara mbili ya mwingine, na kuna zile za mapanga ya msambamba, yani kama mstatili uliosukumwa ukalala upande. Hizo zina mkono. Ukigeuza kiolezo unapata panga linalozunguka upande wa pili, na panga moja kinyume linaharibu bloki nzima, feni haizunguki tena, inakwama. Kwahiyo kiolezo chenye mkono andika "JUU" kwa herufi kubwa upande unaotakiwa kuonekana, amua kama unachora kwenye uso wa kitambaa au nyuma yake, maana ukihama katikati ya kazi umeshageuza, na usikate kabisa kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Kitambaa kilichokunjwa kinakupa kipande cha kulia na cha kushoto kwa pamoja. Kwenye mikono ya shati ndo tunachotaka, kwenye mapanga ya pinwili hatutaki.

Na kama unataka pinwili yenye mapanga mawili mawili, ile ambayo nusu ya mraba imegawanyika tena kuwa pembetatu mbili ndogo, usije ukachukua kiolezo kile kile ukakipunguza. Kale kapembetatu kadogo upande wake mrefu ndo unaokaa nje kwenye ukingo wa mraba, kwahiyo mshale unahama, unakuwa sambamba na upande mrefu. Umbo ni lilelile, mshale tofauti. Kiolezo kipya, jina jipya, na ikiwezekana rangi tofauti ili usiku ukiwa umechoka usichanganye.

Kabla hujatumia kiolezo chochote kwa kitambaa cha maana, kijaribu. Kwanza jaribu cherehani yako: kata kanda tatu za upana wa sentimita 4, zishone pamoja kwa mshono wa milimita 6, piga pasi, afu pima ule ukanda wa katikati. Unatakiwa uwe 2.8 kamili. Ukiwa 2.6 maana yake mshono wako ni mnene, sogeza, bandika utepe kwenye sahani ya cherehani kama mstari wa kufuata, rudia. Ikikaa sawa, kata bloki moja kamili kwa vitambaa vya kutupa. Bloki kabla haijaunganishwa na nyingine inatakiwa ipime sentimita 21.2. Ikipungua na mshono uko sahihi, basi ni kiolezo, na ni heri umejua sasa.

Kuchora kwenye kitambaa nitapita haraka. Penseli iwe kali, iinamishe iegemee ukingo wa kiolezo. Kitambaa cheusi tumia chaki ya fundi au kipande chembamba cha sabuni iliyokauka, kinachora vizuri na kinatoka kwa maji. Chini ya kitambaa weka msasa mkubwa ukiweza, kitambaa hakitembei. Na ukikata, kwa kile kiolezo cha cherehani, kata ndani ya mstari, yani mstari wenyewe uondoke, kwa sababu mstari uko nje ya kiolezo, ukiuacha umeongeza unene wake pande zote. Kukata matabaka mengi kwa mkasi sipendi, mawili yanatosha, zaidi ya hapo la chini linaogelea.

Najua kuna mtu hapa anasubiri kusema, mbona siku hizi hakuna anayekata pembetatu, watu wanachukua miraba miwili, moja nyepesi moja iliyokolea, wanailaza uso kwa uso, wanachora mstari kona kwa kona, wanashona milimita 6 huku na huku ya mstari, wanakata katikati wanapata miraba miwili tayari. Kweli kabisa, na mimi nafanya hivyo nikiwa na kitambaa cha mita. Unashona mshazari kabla haujakatwa, kwahiyo hauvutiki, nzuri sana. Lakini angalia, hapo umekwepa kiolezo? Hujakwepa. Unahitaji kiolezo cha mraba wa kukatia, kwa bloki yetu ni ile 12.05, ila mimi nakifanya 12.5 ili nipate cha kupunguza. Na unahitaji cha pili, muhimu zaidi, cha kupunguzia: mraba wa plastiki unaoonekana upande wa pili, sentimita 11.2 kwa 11.2, wenye mstari wa makapeni kona kwa kona. Mstari unalala juu ya mshono, unachora pande nne, unakata, kila mraba unatoka pacha wa mwenzake. Kile kimraba cha eksirei ndo kinachotenganisha pinwili ya kunyooka na pinwili ya kuvutavuta. Nikiambiwa nibaki na kiolezo kimoja tu maisha yangu yote nabaki na hicho.

Pembetatu mojamoja nazitumia nikiwa na viraka, masalia, nguo za zamani, vipande vya maumbo ya ajabu ambavyo mraba wa 12.5 hauingii lakini pembetatu inaingia. Hapo mraba unapoteza kitambaa, pembetatu inaokoa.

Kwenye kuunganisha neno moja tu, kwa sababu ni matokeo ya kiolezo. Piga pasi mishono yote ielekee rangi iliyokolea, hapo ukiweka miraba miwili uso kwa uso mishono inaangaliana kinyume na inafungana yenyewe kwa kidole, unaisikia ikiingia. Ukishashona bloki yote, pale katikati kuna ncha nane na ni nene kama kifundo. Fumua zile nyuzi mbili tatu za mshono zilizo ndani ya nafasi ya mshono tu, usivuke mstari, afu laza kila mshono uelekee upande mmoja kwa kuzunguka, utaona kwa nyuma imejitokeza kapinwili kadogo na kifundo kimelala.

Kuna dada pale ameuliza kabla hatujaanza kwamba kwilti ya kitanda inataka vipande vingapi, nimemwambia asubiri. Tuseme unataka sentimita 160 kwa 200, bila pindo la pembeni. Bloki za 20 zinaingia 8 kwa upana na 10 kwa urefu, 80. Kila bloki inakula miraba miwili ya rangi nyepesi na miwili iliyokolea kwa ile njia ya kukata katikati, kwahiyo 160 na 160. Kitambaa cha upana wa sentimita 110, ukikata ukanda wa 12.5 unapata miraba 8 kwenye ukanda na kinabaki kipande cha sentimita 10 mwishoni. Miraba 160 gawa kwa 8 ni kanda 20, zidisha 12.5 ni sentimita 250. Mita mbili na nusu kwa kila rangi, ila nunua mita tatu, kitambaa kinasinyaa ukikifua kwanza, na lazima ukifue kwanza kama rangi yake inatoka. Vile vipande vya sentimita 10 vinavyobaki kila ukanda msitupe, vinatosha kabisa mraba mdogo wa 7.5 uliokamilika, unaongeza 2.05 unapata kiolezo cha 9.55, bloki ya sentimita 15, unapata mito yake ya kulingana na kwilti. Mwenye swali kuhusu hesabu hiyo aje mbele na rula yake, eksirei ninazo hapa za kugawana.